Mlinzi Asiyelala

Niliporudi Mugumu kutoka Mwanza, ambako nilikuwa nimepelekwa kusomea magonjwa ya mishipa ya fahamu, daktari mkuu wa hospitali yetu alifurahi kuliko mimi. Alinipa chumba kilichokuwa stoo ya vitanda vibovu, akamwita fundi wa mjini achore kibao cha kutundika juu ya mlango. Kibao kilitakiwa kusomeka "Kliniki ya Mishipa ya Fahamu". Fundi alianza vizuri, kwa herufi kubwa za bluu, lakini ubao ulimwishia. Maneno ya mwisho akayabana chini kwenye kona, madogo kama jina la kiwanda kwenye kitako cha sufuria. Ukisimama mlangoni uliyaona. Ukisimama getini ulisoma "Kliniki ya Mishipa", basi.

Sasa, mtu yeyote aliyekulia huku kwetu anajua mshipa ni nini. Mshipa ni ngiri, ni busha, ni yale mambo ya wanaume yanayozungumzwa kwa kunong'ona. Jumatatu ya kwanza nilikuta benchi langu limejaa wanaume watu wazima, wamekaa kwa uangalifu. Wa kwanza aliingia, akaona msichana wa Kikurya ambaye hata hajaolewa, ndani ya koti jeupe. Aliuliza daktari yuko wapi. Nilimwambia daktari ni mimi. Alinitazama, akautazama mlango, akasema yeye alikuwa amekuja kumwangalia ndugu yake aliyelazwa, tena kumbe amekosea chumba. Nilipotoka nje kumwita wa pili, benchi lilikuwa tupu, na nyuma ya ukuta wa hospitali niliwaona wote wanapanda kuelekea sokoni, taratibu, kila mtu na njia yake.

Hiyo ilikuwa miaka ya dhahabu. Ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Tarime, watu walikuwa wanachimba mchana na usiku, na ambaye hakwenda kuchimba alikwenda kuwauzia chakula waliochimba. Mwalimu wa hesabu aliondoka Ijumaa akiwa na madaftari ya wanafunzi mkononi, Jumatatu akaonekana machimboni amevaa kaptula. Fundi cherehani wa pale nyumbani Nkende, hukohuko Tarime, nyumba ya tatu kutoka kwa mama yangu, aliiacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja. Mugumu nako tuliwapokea, maana wakishavunjika au kuzidiwa na homa walivushwa mto wakaletwa kwetu na vumbi lao jekundu.

Hao wachimbaji ndio waliokuwa wagonjwa wangu wa kwanza wa kweli. Wengine walikuwa na kifafa, wengine maumivu ya kichwa ya baruti, wengine wameangukiwa na jiwe wakaamka hawajui jina lao. Chombo changu kikubwa kilikuwa nyundo ndogo ya mpira, ile ya kugonga goti ili kuona kama mguu unaruka. Mchimbaji mmoja aliitazama sana, akaishika, akaipima uzito, akaniuliza kwa heshima kabisa inapasua mwamba wa aina gani. Nilimweleza. Alirudi machimboni akawaambia wenzake kwamba Mugumu yuko daktari wa kike anayegonga watu magoti kutafuta mkanda, ule mstari wa dhahabu ndani ya mwamba. Baada ya hapo walikuwa wanaingia na suruali wameshazikunja.

Nataka kusimulia habari ya mtu mmoja aliyeletwa kwangu kipindi hicho na mke wake. Nyingi nilisimuliwa na yule mama mwenyewe, amesimama katikati ya chumba changu, kwa sababu alikataa kiti.

Walikuwa wakulima wa Susuni. Mume alikuwa mtu mpole wa makamo, mwenye pengo la jino la mbele na kicheko cha kukohoa, na sifa yake kuu kijijini ilikuwa usingizi. Alilala kabla ya kuku. Wageni wakichelewa kuondoka, yeye alilala huku anawaitikia. Siku ya kupanga mahari yake mwenyewe alisinzia katikati ya mazungumzo, baba zake wadogo wakamalizia, akaamshwa kuambiwa kwamba ameshapata mke. Mama yule alinieleza hayo bila kutabasamu, kama mtu anayetoa ushahidi.

Baada ya mavuno mume aliaga kwenda kutafuta mabati ya nyumba huko machimboni. Hakuwa na nguvu za kushuka shimoni, kwa hiyo alipewa kazi ya kukata miti. Shimo la dhahabu, ambalo wenyewe wanaliita duara, huzuiwa lisiporomoke kwa magogo, na magogo hayo wakati ule yalitafutwa mbali, kwenye pori la upande wa Serengeti linalopakana na hifadhi. Mwenye duara aliwapeleka wakataji kwa pikapu yake, wakapiga turubai porini, wakakata mpaka pikapu ikajaa mara kadhaa. Waliporudi walilalamika juu ya inzi wa kule, wanaouma kupitia shati. Ni mbung'o hao. Kila mtu huku anawajua, na kila mtu akishajikuna anawasahau.

Kisha yule bwana akapata homa. Alimeza dawa za malaria, homa ikapungua, ikarudi, ikapungua. Halafu usingizi wake ukaondoka. Usiku wenzake walimsikia anazunguka kambi nzima, anakagua mahema, anaongea na mbuzi. Wao walikasirika, lakini mwenye duara alifurahi sana. Alikuwa amekwisha kuajiri walinzi wa kila namna, na wote walilala. Wezi waliwaruka kama magogo, wakabeba mifuko ya mawe yenye dhahabu, wakati mwingine na blanketi la mlinzi juu yake. Sasa Mungu alikuwa amemletea mtu asiyelala. Alimnunulia koti la mvua na tochi ndefu ya betri nyingi, akamkabidhi duara.

Sifa zilienea haraka. Ilisemekana wezi walikuja wakajificha nyuma ya kifusi wasubiri asinzie, wakasinzia wao, asubuhi wakaamshwa naye. Wenye maduara wengine walijaribu kumwiba. Wako waliosema amepewa dawa ya macho na mganga wa visiwani, na mtu mmoja alianza kuiuza dawa hiyo. Mchana mlinzi alilala kama jiwe, na hilo halikumshangaza mtu, maana mlinzi wa usiku asipolala mchana alale lini.

Habari ikafika Susuni, siku ya mnada. Aliyeileta alisema kwamba mlinzi huyo wa ajabu anatoka kijiji hichohicho, ana pengo la mbele na anacheka kwa kukohoa. Watu waligeuka wakamtazama mama yule. Yeye aliniambia kwamba moyo wake ulishtuka palepale. Wengine walisikia sifa, yeye alisikia ugonjwa. Aliwaachia majirani watoto, akapanda gari la Tarime, kisha akaunganisha mpaka machimboni.

Alimkuta mume wake saa ya chakula, amelala nyuma ya rundo la mawe, na tonge la ugali shavuni. Lilikuwa halijatafunwa. Alimwamsha. Mume alimtazama, akamwita kwa jina la dada yake, akamtukana tusi ambalo mama yule hakuwahi kulisikia kutoka kinywani mwake katika maisha yao yote ya ndoa, akalala tena. Mikono ilikuwa inatetemeka hata usingizini.

Alikwenda kwa mwenye duara akamwambia mtu huyu ni mgonjwa, anamchukua. Mwenye duara alikuwa mzee mnene, mwenye kofia ya ngozi na sauti ya kuita ng'ombe. Alimjibu kwamba kambi nzima inaharisha na kukohoa, mzima ni huyo mmoja tu, na huyo ndiye anayetaka kumchukua. Walibishana. Mama alipoona maneno hayafiki popote, alikwenda kwenye mdomo wa duara, akakunja kanga yake vizuri, akaketi.

Wachimbaji wana miiko yao, na mkubwa kuliko yote wakati ule ulikuwa mwanamke kulikaribia duara. Waliamini dhahabu inamwona, inakimbia. Waliokuwa juu waliacha kazi. Waliokuwa chini waliposikia kuna nini juu, walipanda. Kundi zima la wanaume wenye mitarimbo lilisimama mbali kumzunguka mama mmoja wa Susuni, hakuna aliyethubutu kumshika, na wakaanza kumbembeleza mwenye duara, si mama. Kabla jua halijashuka pikapu ilikuwa imewashwa, mgonjwa amelazwa nyuma kwenye magunia, mama amekaa mbele kwa dereva.

"Nimesikia hapa kuna daktari wa vichwa," alimaliza. "Mpige hiyo nyundo yako uniambie."

Nilimpiga nyundo. Goti liliruka kupita kiasi. Nilimwomba ahesabu kurudi nyuma kutoka ishirini, akafika kumi na saba akalala. Niliminya tezi za nyuma ya shingo, zilikuwa zimevimba. Halafu niligonga mfupa wa mguu, kidogo tu, na hakushtuka. Nilikuwa nimeshageuka naandika, nimeshamuuliza mama swali jingine na yeye ameanza kulijibu, ndipo mgonjwa alipovuta mguu wake akalalamika kwa Kikurya kwamba nimemuumiza. Maumivu yalikuwa yamechelewa njiani. Mwalimu wetu Mwanza alituambia kwamba siku tutakapoona kitu hicho hatutakisahau, na kweli.

Nilimpeleka maabara. Mtaalamu wetu wa maabara alikuwa mzee wa Tanga aliyekuja Mugumu ujanani kwa mkataba mfupi, akaoa, akazeeka. Alikuwa na Kiswahili kilichonyooka mno, na sisi wa huku, wenye Kiswahili cha kuazima, nusu ya maneno yake tuliyaitikia kwa kichwa. Alichoma kidole cha mgonjwa, akaweka tone la damu kwenye kioo, akainama juu ya hadubini. Alikaa kidogo, akaniita.

"Binti, tazama. Hawa si wapita njia. Wameshajenga."

Nilitazama. Kati ya chembe za damu walikuwa wanajinyonganyonga, wembamba, wana mikia, wanazisukuma chembe huku na huku kama samaki kwenye maji ya kina kifupi. Malale. Mbung'o ndiye anayeleta vijidudu hivyo. Vinaanza kwenye damu, mtu anapata homa zinazokwenda na kurudi, na visipouawa vinaingia kwenye ubongo. Huko vinapindua usingizi, usiku unakuwa mchana na mchana unakuwa usiku. Mwisho mtu analala moja kwa moja, hafi kwa siku moja, ila anakufa.

Mama aliomba naye aone. Mzee wa maabara alimrekebishia hadubini, akamwonyesha jicho la kuliweka. Alitazama muda mrefu, kanga ameishikilia isiguse meza.

"Na hawa nao hawalali?" aliuliza.

Nilimwambia hapana, hawalali. Alinyanyuka, akasema basi wanywe dawa hao, yeye mume wake alale.

Ilibidi nichukue maji ya uti wa mgongo kuona kama wadudu wameshafika kwenye ubongo. Kazi hiyo kwa kawaida hutaka mtu ashikwe na wauguzi wawili, maana sindano ni ndefu na mgongo ni mgongo. Huyu alilala kabla sijaipasha mikono joto. Alijikunja kama mtoto, sindano ikaingia, maji yakatoka, na nilipokuwa nabandika plasta alikoroma. Maji yalionyesha tulichokiogopa. Walikuwa wameshapita.

Dawa ya hatua hiyo haikuwepo kwenye kabati letu, ikaagizwa mkoani. Wakati tunaisubiri, mlinzi wetu alilinda wadi ya wanaume. Hakuna aliyemwomba. Jua likizama alikuwa anaamka, anavaa koti lake la mvua juu ya shuka la hospitali, anasimama mlangoni. Mgonjwa akitaka kwenda chooni alitakiwa kwanza aseme yeye ni nani, ametoka shimo gani, na mfukoni amebeba nini. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, aliyelazwa kwa presha, alikuja kunishtaki kwamba amepekuliwa. Lakini wauguzi wa zamu walimpenda. Dripu ya mtu ikikaribia kwisha yeye ndiye aliyekwenda kuwaamsha, tena kwa ukali, akiwaambia kazi hii kama hawaiwezi waache. Asubuhi wadi nzima ilikuwa na macho mekundu, na mlinzi amelala, uji unapoa pembeni.

Ndipo mwenye duara alipokuja. Aliegesha pikapu mbele ya kliniki yangu, akaingia na kofia mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza mtu wake anapona lini, kwa sababu tangu aondoke walinzi wapya wamelala kila siku. Nilimkalisha nikamweleza taratibu. Kwamba kukesha kule hakukuwa uhodari. Kwamba kulikuwa ugonjwa uleule uliomlaza mchana, na dawa ikifanya kazi mtu wake atalala usiku kama watu wote. Alinisikiliza kwa makini. Alitafakari. Akasogeza kiti karibu na meza, akashusha ile sauti ya kuita ng'ombe mpaka ikawa ya kunong'ona.

"Mwanangu, huwezi kumtibu nusu? Mponye huu mchana. Usiku umwachie."

Sikucheka. Nilimwambia ugonjwa hauna mpaka hapo katikati, na tukiuacha atakufa. Niliona kwamba hilo hakulitegemea. Watu wa dhahabu wameona vifo vingi vya ghafla, vya shimo kuanguka, lakini kifo cha mtu anayetembea na tochi kilikuwa kigeni kwake. Aliomba kumwona. Alikwenda wadini, akasimama karibu na kitanda, akamtazama mlinzi wake alivyolala mdomo wazi na mikono inatetemeka juu ya shuka. Mama alikuwa pale. Jioni mwenye duara alirudi na sufuria ya supu ya mbuzi, akamkabidhi mama, akaondoka.

Dawa ikafika. Sitaki kuipamba. Dawa ile ina arseniki ndani yake, ni sumu inayotarajiwa kumuua mdudu kabla ya mtu. Inasukumwa ndani ya mshipa polepole, na ikivuja nje ya mshipa inachoma nyama. Mama aliniuliza ina nini, nikamwambia ukweli. Alifikiri kidogo, akasema kwamba kule nyumbani sumu ya panya huwekwa kwenye chakula kizuri, sasa mume wake ndiye amekuwa chakula kizuri.

Mwanzo ilikwenda sawa. Kisha, katikati ya matibabu, mgonjwa alianza kutetemeka mwili mzima, akapata degedege, akapoteza fahamu. Hilo hutokea kwa baadhi yao, na wengi wa hao hawarudi. Tulisimamisha dawa, tukampa za kutuliza ubongo, tukabaki kumgeuza na kumpangusa. Mimi niliyetoka Mwanza na cheti sikuwa na kingine cha kufanya. Mama alikaa kichwani pake akawa anamsemesha kwa Kikurya, mfululizo, kwa sauti ya kawaida kabisa, mambo ya nyumbani. Kwamba mahindi yamepukuchuliwa. Kwamba ndama wa yule ng'ombe mweusi ni jike. Kwamba paa linavuja palepale pa siku zote na yeye yuko hapa anapumzika. Mzee wa maabara alikuja na tasbihi yake akaketi kwenye kitanda cha jirani. Yule mwalimu mkuu mstaafu naye hakwenda kulala kwake.

Siku ya pili yake jioni mgonjwa alifungua macho. Alimwambia mke wake anyamaze, amesikia habari ya paa. Kisha akageukia ukuta akalala. Mama aliniita mbio, akidhani amezimia tena. Nilimpima. Pumzi ilikuwa nzuri, jicho liliitikia mwanga. Nje giza lilikuwa linaingia, wadi inawasha taa, na mlinzi asiyelala alikuwa amelala usingizi wa kawaida, wa saa yake, wa mkulima wa Susuni. Alilala mpaka asubuhi. Mama hakulala kabisa, alikuwa anamwangalia anavyolala.

Tulimalizia dawa kwa tahadhari. Alinenepa, mikono ikatulia, akaacha kutukana. Aliporuhusiwa, mwenye duara alikuja mwenyewe kumchukua, kwa sababu mlinzi alikuwa bado anataka mabati yake na kazi yake ilikuwa inamsubiri. Nilimkumbusha nilichomwambia. Alinijibu nisiwe na wasiwasi, kazi mtu haisahau.

Alirudi baada ya siku chache. Safari hii hakuvua kofia.

"Daktari," aliniambia, "mmenirudishia mtu mwingine."

Alinieleza kwamba mlinzi alilishwa vizuri, akavishwa koti, akapewa tochi yenye betri mpya, na kabla wapishi hawajaosha masufuria alikuwa amelala, amekumbatia tochi, tochi inawaka. Wezi walikuja wakitumia mwanga huohuo. Nilimwambia pole. Nilimwambia pia kwamba hiyo ndiyo habari njema kuliko zote nilizopata mwaka ule. Hakuafiki. Alikaa anachezea ukingo wa kofia kichwani, na mwisho akatoa lililomleta.

"Huyo mbung'o anapatikana sehemu gani hasa?"

Nilifikiri nimesikia vibaya. Akafafanua kwamba hana nia mbaya, ni kuuliza tu, kama mtu mzima na mwenye afya akiumwa mara moja, kidogo, chini ya uangalizi. Hapo nilikasirika, na nilipokasirika nikamjibu kwa Kikurya, kwa ukali ambao msichana haruhusiwi kwa mzee. Nilimwambia anapajua mwenyewe, ni palepale alipowapeleka watu wake kukata magogo, na huyu wa Susuni hakuwa peke yake chini ya lile turubai. Wengine wako wapi?

Uso wake ulibadilika. Nilidhani anawafikiria vijana wake. Kumbe alikuwa anakumbuka nani alikuwa anaendesha pikapu. Alisimama, akavua kofia, akavua shati, akaniambia nimpime sasa hivi, kila kitu, hata mgongo. Nilimpeleka kwa mzee wa maabara. Damu yake ilikuwa safi. Alirudi Mugumu kesho yake asubuhi na mapema, macho mekundu, anatetemeka, akasema ugonjwa umemshika, hajapata hata lepe la usingizi. Tulimpima tena. Safi. Mzee wa maabara alimweleza kwa kile Kiswahili chake kwamba aliyemnyima usingizi si mdudu, ni hofu. Mwenye duara aliniuliza pembeni hofu inatibiwa na dawa gani, na kama hiyo dawa ipo hapa au lazima iagizwe.

Lakini hofu ile ilifanya kazi ambayo mimi nisingeiweza. Wiki hiyohiyo pikapu ilikuja imejaa wakataji wa magogo, amewakusanya kambi hadi kambi, wengine amewatoa mpaka Sirari walikokuwa wamehamia kwenye biashara. Walipangwa benchi zima, suruali zimekunjwa, vijana wa Kikurya wanaoitana mura, yaani kijana, na kusukumana, kila mmoja anamwambia mwenzake kwamba anaonekana amechoka. Wawili wao tuliwakuta na malale, bado ipo kwenye damu tu, haijapanda. Hao tuliwatibu kwa dawa nyepesi na wakatoka wanatembea, wanalalamika juu ya chakula chetu.

Mlinzi alirudi kwao Susuni. Kazi ya ulinzi ilikuwa imeisha, ila mwenye duara alimpelekea mabati, kwa pikapu ileile, na nilivyosikia alikataa kushuka kwenye gari mpaka mama wa nyumba alipomkaribisha kwa mdomo wake. Tuliwahitaji yeye na mke wake warudi kwa uchunguzi mara kwa mara, kwa sababu malale ni ya kuviziwa. Walikuja kila walipoitwa. Safari za kutoa maji ya mgongo zilikuwa ngumu sasa, maana mtu alikuwa macho, na ilibidi wauguzi wawili na mke wake wamshike.

Miaka baadaye, nilipokuwa nimehamishwa kutoka Mugumu, nilikwenda likizo kwa mama yangu Nkende. Nilikuwa nimemshikia duka lake dogo alipokwenda kanisani, wakaingia mume na mke kununua chumvi na mafuta ya taa. Yule mama wa Susuni nilimtambua mara moja, naye akanitambua. Tulishikana mikono juu ya kaunta. Mume alinisalimia kwa adabu tu, kama mtu anavyomsalimia mwenye duka.

"Hakukumbuki," mama aliniambia. "Hakumbuki chochote. Anakumbuka anakata magogo, halafu anakumbuka namsimulia habari ya paa."

Alimgeukia akamweleza kwamba huyu ndiye daktari, ndiye aliyemchoma sindano mgongoni. Mume aliniangalia kwa makini, akanipa mkono tena, safari hii wa kulia ukishikiliwa na wa kushoto, akaniuliza kama ni kweli alikuwa halali usiku. Nilimwambia ni kweli. Aliuliza kama ni kweli alimpekua mwalimu mkuu. Nilimwambia hilo nalo. Alicheka kwa kukohoa, akatikisa kichwa, kama anayesikia vituko vya shemeji yake. Akamwomba mke wake asimulie tena ile ya duara.

Mama aliweka chumvi chini. Alisimulia alivyokaa kwenye mdomo wa shimo, na wanaume walivyopanda juu mmojammoja, na jinsi mwenye duara alivyopiga magoti mbele yake na kofia kifuani. Hilo la kupiga magoti lilikuwa jipya kwangu. Wateja wengine wawili walikuwa wamesimama mlangoni wanasikiliza, na mume alikuwa ameegemea gunia la mchele, macho yamemtoka, hataki limpite neno. Nilivuta kigoda nikakaa, naye akaendelea.